Mmea ule si mche wa msonobari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe maneno machache yaliyowekwa chini ya picha moja katika makala yenu ya hivi karibuni kuhusu kuota upya kwa mimea kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Picha yenyewe ilipigwa kwa uangalifu: vishina vitano au sita vya kijani vimesimama wima kati ya mawe, vimevikwa majani madogo madogo kuanzia chini hadi nchani, na nyuma yake ukungu umetanda. Chini yake paliandikwa kwamba hiyo ni miche ya misonobari inayochipua katika eneo lililoungua. Si misonobari. Ni likopodi, mmea wa ukoo uliokuwapo duniani kabla ya msonobari wa kwanza kuota, na aina hii ya mlimani wanasayansi huiita Phlegmariurus saururus.

Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa kosa la maelezo ya picha huonekana kuwa dogo. Hata hivyo, nimepanda na kushuka mlima huu kwa njia ya Marangu kwa zaidi ya miaka 20, kwanza nikiwa mpagazi na baadaye mwongoza watalii, na kosa hilihili nimeliona likiua mmea mbele ya macho yangu. Siku moja nilikuwa na kikundi cha vijana waliojitolea kuokota taka juu kidogo ya kituo cha Horombo, kilichopo mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Kijana mmoja alinijia akitabasamu, ameshika kishada cha vishina vinne pamoja na udongo wake, akaniambia, “Mzee, nimepata msonobari mdogo, nitaupanda nyumbani.” Sikumkaripia, ingawa sheria ya hifadhi inakataza kung'oa mmea wowote. Nilimketisha juu ya jiwe, nikatoa kisu changu kidogo, nikachagua shina moja lililokuwa limekwisha kuvunjika, nikalikata kwa upana karibu na tako lake. Tukainama wote wawili kulitazama. Katikati palikuwa na kiini chenye mistari, na kukizunguka, ndani ya nyama ya gome, palikuwa na vidoa kadhaa vya duara vilivyopangika kama shanga. Nilimwuliza anadhani ni nini. Akasema labda ni utomvu. Nikamweleza kwamba kila kidoa ni mzizi.

Hilo ndilo jambo ambalo hadi leo hunishangaza kuhusu mmea huu, na ndilo ningependa wasomaji wako walifahamu kwanza. Mizizi yake haianzii chini ya shina kama ya mhindi au mwembe. Huzaliwa juu, ndani ya shina lenyewe, kisha hushuka ndani kwa ndani kupitia gome, ikisafiri sambamba na shina kwa sentimeta nyingi, hadi itokeze pale chini inapokutana na udongo. Kwa hiyo shina la zamani la likopodi ni bomba lililojaa mizizi inayoteremka, na anayelivuta kwa nguvu hukata mizizi hiyo yote kwa mkupuo mmoja, ile iliyokwisha kutoka pamoja na ile iliyokuwa ingali njiani.

Tuliurudisha ule mmea pale ulipotoka, tukaushindilia udongo na kuuwekea mawe mawili upande wa upepo. Nilipopita tena baada ya majuma machache ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, na safari iliyofuata sikukuta kitu. Wataalamu wa bustani wanajua kwamba likopodi ni miongoni mwa mimea migumu kabisa kuhamisha, na sababu kubwa ni kwamba maisha yake yamefungamana na kuvu wa udongoni ambao hawahamishiki kwa koleo.

Sasa niueleze umbo lake, ili atakayekutana nao asihitaji kisu. Ukipiga magoti mbele ya mmea huu, utaona kwanza kwamba shina lenyewe halionekani. Majani yamelizunguka pande zote na kupandana kama magamba ya kakakuona. Kila jani lina urefu wa kadiri ya punje ya mpunga, ni nene na gumu kidogo, lina ukingo laini usio na meno, na ncha yake imejipinda kuelekea shinani. Shina pamoja na vazi lake la majani hupata unene wa kidole cha mtu mzima, na kimo chake kwa kawaida hufikia shubiri moja au kuzidi kidogo. Tako la shina hulala ardhini kwa kipande kifupi, kisha shina huinuka wima. Linapotoa matawi, halitoi tawi la pembeni kama mti utoavyo, bali ncha yake hugawanyika kuwa mbili zilizo sawa, kama panda ya manati. Rangi yake kivulini ni kijani kibichi, ila likiwa wazi kwenye jua kali la juu huelekea manjano, na mara nyingine wekundu wa kutu.

Ukichanganua jani moja utaona tofauti nyingine kubwa. Lina mshipa mmoja tu, unaopita katikati kuanzia kwenye shina hadi karibu na ncha bila kutoa tawi lolote. Jani la kangaga lina mishipa inayogawanyika na kugawanyika tena, na hapo ndipo likopodi na kangaga zinapoachana, ingawa zote mbili hazitoi ua wala mbegu. Kuvumwani nayo, ambayo watu wengi huitaja wanapouona mmea huu, haina kabisa mishipa ya kweli ya kupandisha maji kutoka kwenye mizizi, tena haina mizizi ya kweli. Likopodi ina vyote viwili. Msonobari ndio ulio mbali zaidi: ni mti wenye mbao, hutoa mbegu ndani ya koni, na majani yake ya sindano hutoka yakiwa yamefungwa pamoja mawili, matatu au matano. Misonobari tuliyo nayo katika mashamba ya miti ya Kilimanjaro Magharibi na Rongai ililetwa na kupandwa na watu. Likopodi haikupandwa na yeyote.

Kuhusu uzazi wake nitasema kwa kirefu kidogo, maana ndipo penye sababu ya kuandika barua hii. Katika kwapa za majani ya juu, pale jani linapoungana na shina, hukaa vifuko vidogo vya manjano vyenye umbo la figo. Ndani yake mna spora, chembe nyepesi mithili ya vumbi. Aina nyingi za likopodi hukusanya vifuko hivyo katika koni inayoonekana waziwazi, lakini aina hii haina koni: majani yanayobeba vifuko yanafanana na majani mengine yote, na usipoyafunua kwa ukucha hutajua kwamba mmea uko katika msimu wa kuzaa. Kifuko kikikomaa hupasuka kwa ufa mmoja, spora zikachukuliwa na upepo.

Spora ikitua mahali panapofaa haiotei moja kwa moja kuwa kishina kama kile cha kwenye picha yenu. Kwanza hutoa kiumbe kidogo kisicho na ukijani, kinachoishi gizani chini ya udongo na kulishwa na kuvu. Kiumbe hicho ndicho kinachotengeneza viungo vya kiume na vya kike, na mbegu ya kiume huogelea katika maji ya udongoni kulifikia yai, ndiyo sababu udongo mkavu hauwezi kuulea ukoo huu. Katika jamii ya likopodi kipindi hiki cha chini ya ardhi huchukua miaka. Baada ya hapo tu ndipo kishina cha kwanza cha kijani huchomoza. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mtu anayeona kishina chenye urefu wa kidole asidhani kwamba kimeota baada ya mvua za msimu uliopita.

Yupo ndugu yake anayeonekana chini zaidi, kwenye kingo za njia na mahali penye udongo ulio wazi, naye ni Lycopodium clavatum. Huyo hutambaa ardhini kama kamba, ncha za majani yake zina unywele mweupe, na koni zake hukaa mbili au tatu juu ya kikonyo kirefu. Unga wa spora zake umetumiwa na watu kwa muda mrefu kwa sababu hauloani upesi na huwaka ghafla ukirushwa kwenye moto. Kwa kuwa naandikia ofisi ya gazeti, nitaongeza kwamba tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria mjini New York, Chester Carlson alipopata nakala ya kwanza kabisa kwa njia ambayo baadaye ilizaa mashine za fotokopi, unga aliounyunyiza ili maandishi yaonekane ulikuwa wa likopodi. Aina yetu ya juu haina historia hiyo, kwa kuwa vifuko vyake vimejificha na unga wake hauwezi kuvunwa kwa kukung'utwa.

Nirudi kwenye makazi yake. Anayepanda kutoka lango la Marangu hupita kwanza kwenye msitu, ambako ndiko mvua hunyesha kwa wingi kuliko kwingine mlimani, akafika Mandara kwenye mita 2,720, kisha miti hupungua akaingia katika ukanda wa vichaka vya erika na nyasi za mashada. Mimi huanza kuuona mmea huu nikiwa nimekwisha kuuacha msitu nyuma kwa mwendo mrefu, na huuona vizuri zaidi karibu na Horombo, mahali inapoanza mimea mikubwa ya mlimani iitwayo lobelia na senesio. Zaidi ya hapo, udongo unapogeuka changarawe na jangwa la juu kuanza, huadimika kabisa. Ukitazama mlima mzima, huo ni mkanda mwembamba.

Ndani ya mkanda huo pia hauoti ovyo. Huchagua upande wa jiwe ambao hautwangwi na upepo, au ukingo wa kijito ambako udongo ni mweusi na una mboji nyingi, au nafasi iliyobaki kati ya shada moja la nyasi na jingine. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, aliyezunguka milima mirefu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, alieleza hali ya hewa ya huko kuwa ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, na yeyote aliyelala Horombo analijua hilo kwa mwili wake. Mchana jua huchoma ngozi. Usiku maji yaliyo kwenye udongo huganda na kusimama kama sindano za barafu, zikiinua udongo wa juu, na asubuhi sindano hizo huyeyuka na udongo hushuka. Mche mchanga ulioota mahali pa wazi hung'olewa taratibu na mwendo huo wa kila siku. Penye jiwe, udongo hutulia. Nimezoea kuwaambia wageni wangu kwamba kila jiwe kubwa la ukanda ule ni nyumba, na nikiwaona wanatafuta mahali pa kukaa wapumzike, huwaomba watazame kwanza kwenye shina la jiwe, upande ule usio na upepo, ambao bila shaka ndio upande ambao na wao wanautaka.

Mmea huu hauishi Kilimanjaro peke yake. Upo Mlima Kenya, Elgon, Aberdare na Ruwenzori, nao upo ng'ambo ya Atlantiki katika safu ya Andes. Upo pia katika visiwa vya Kerguelen na katika kisiwa cha Marion, kilicho kusini sana katika bahari ya Hindi na chini ya mamlaka ya Afrika Kusini, na huko haulazimiki kupanda mita 3,000, kwa sababu baridi na unyevu unaouhitaji vinapatikana hata karibu na ufuko. Jambo hilo linatufundisha namna ya kuyasoma makazi yake: haufuati kimo, unafuata baridi yenye maji, na kwetu sisi tuliopo karibu na Ikweta baridi hiyo inapatikana juu tu. Mlima ukizidi kupata joto, mmea huu hauna ardhi ya kando ya kuhamia. Unaweza kupanda tu, na juu yake kuna changarawe.

Swali la jinsi ulivyofika hapa lina jibu zuri. Ukoo wa likopodi una zaidi ya miaka milioni 400, na jamaa zake wa kale walikuwa miti iliyozidi mita 30, ambayo mabaki yake ni sehemu ya makaa ya mawe yanayochimbwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Kilimanjaro, kwa upande wake, ni mlima mchanga: volkano yake ya kwanza, Shira, ilianza kuwaka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Mlima ulipoinuka kutoka katika tambarare yenye joto haukuwa na mmea wowote wa baridi wa kurithi. Spora ilibidi zije kwa upepo, kutoka kwenye mlima mwingine, zikivuka nyanda ambako zisingeweza kuota, na chache kati yake zikaangukia udongo uliokuwa na unyevu, ubaridi na kuvu kwa pamoja.

Ndiyo maana naumia ninaposoma kwamba mmea huu ni dalili ya eneo kupona haraka baada ya moto. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 katika eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, uliteketeza takriban kilomita za mraba 95.5. Nyasi za mashada zilirudi upesi, kwa kuwa moyo wa shada hulindwa na majani makavu yanayolizunguka, na sehemu nyingine erika zilichipua kwenye visiki. Likopodi haina kisiki wala haina akiba ya mbegu. Vishina vilivyopigwa picha na mwandishi wenu, kwa unene niliouona, ninaamini ni vile vilivyosalimika nyuma ya mawe ambayo moto uliyaruka, na kama ndivyo, basi picha ile inaonyesha mabaki ya kilichokuwepo, wala haionyeshi kilichoanza upya. Msomaji aliyeambiwa kwamba ni miche ya misonobari anaondoka na picha iliyo kinyume kabisa na hali yenyewe, na kijana mwenye moyo mwema anaweza kuing'oa akidhani anaondoa mti wa kigeni, au kuipeleka nyumbani akidhani ameokoa mti wa mbao.

Nina pendekezo moja. Jina la pili la kisayansi, saururus, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkia wa mjusi, na Lamarck, mtaalamu wa Ufaransa aliyelitoa mwishoni mwa karne ya 18, bila shaka aliuona mmea kama tunavyouona sisi: mrefu, wa duara, wenye magamba, unaochongoka kuelekea nchani. Huko Argentina wenyeji huuita mkia wa kirikincho, mnyama wao mwenye magamba, na huutumia katika dawa za asili kwa ajili ya kumbukumbu. Nami naharakisha kuonya kwamba una kemikali zenye nguvu ziitwazo alkaloidi na si mmea wa kuchemshwa na mtu asiyejua kipimo. Watu wa mabara mawili wameutazama na wote wakaona mkia. Basi nasi tuuite mkia-mjusi. Jina hilo linatamkika na mtoto wa shule, tena linaeleza umbo kwa usahihi, na linaweza kuandikwa kwenye vibao vya njiani na katika vitabu vya baiolojia bila kumkwaza mtu. Waongoza watalii wenzangu kadhaa wameshaanza kulitumia, na nimeona kwamba mgeni akishaambiwa jina huutafuta mwenyewe kwenye mawe yanayofuata, na akishautafuta haukanyagi.

Kama mpiga picha wenu atapanda tena, namwomba alale kifudifudi kando ya jiwe, karibu kabisa na ncha ya shina moja, ayafunue majani mawili ya juu kwa ncha ya kidole bila kuyakwanyua, kisha apige picha ya kwapa ya jani. Akikuta vifuko vya manjano vyenye umbo la figo, naomba picha hiyo ichapishwe kwa ukubwa uleule wa ile ya kwanza, na chini yake liandikwe jina la mmea.

Msomaji wako,
Mwongoza watalii, Marangu, Kilimanjaro